Kabla hujatia tiki kwenye 3D

Swali liliulizwa Langoni, Lamu, kwenye duka dogo la kuchora ramani za nyumba. Kompyuta ya duka inaendesha Linux. Ndani yake kuna VirtualBox, programu ya kutengeneza mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, na ndani ya VirtualBox kuna Windows iliyobeba AutoCAD, programu ya kuchorea. Kijana wa duka alikuwa amefungua Settings, akaingia Display, na mshale wa kipanya ulikuwa umetua juu ya kisanduku cha Enable 3D Acceleration, cha kuiruhusu Windows ya ndani itumie kadi ya picha ya kompyuta halisi.

"Maalim, nikitia tiki hapa kuna ubaya?"

Mchoro wa nyumba ya ghorofa mbili ulikuwa unajikokota. Akiuzungusha, kuta zinageuka kwanza, ngazi zinafuata baadaye. Pembeni ya kibodi kulikuwa na flashi tatu za wateja, na zote zilikuwa zifunguliwe ndani ya Windows ile ile.

Jibu la haraka ni "tia tu", na ndilo utakalopewa karibu kila unapouliza. Limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa kwa sababu linatazama kasi peke yake.

Zile flashi halizitazami kabisa.

## Kinachobadilika tiki ikiingia

Tuliozoea mashine pepe tunaiamini kama boksi lililofungwa. Kilicho ndani kikiharibika, unarudisha snapshoti ya jana, yaani nakala ya hali yake, na kazi inaendelea. Kwa sehemu kubwa imani hiyo ina msingi, maana mpaka wa kumbukumbu na wa prosesa unasimamiwa na prosesa yenyewe, kwa VT-x au AMD-V.

Grafiki haina msimamizi wa namna hiyo.

3D ikiwa imezimwa, mashine mgeni, yaani ile pepe ya ndani, inajichorea yenyewe kwa prosesa. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na llvmpipe ya Mesa, kwenye Windows hufanywa na WARP. Kompyuta mwenyeji, ile halisi ya nje, inapokea picha iliyokwisha kuchorwa: upana, urefu, rangi za nukta. Skrini ya 1920 kwa 1080 yenye baiti 4 kwa kila nukta ni baiti 8,294,400, basi. Mwenyeji anainakili dirishani. Msimbo unaohusika ni mfupi na nafasi za kukosea ni chache.

3D ikiwashwa, mgeni haleti tena picha. Analeta amri. Tengeneza tekscha hii (picha ya kubandikwa juu ya umbo), tenga bafa ile (eneo la kumbukumbu), endesha sheda hii (programu ndogo inayoendeshwa na kadi). Amri hizo zinaingia kwenye foleni iliyo katika kumbukumbu inayosomwa na pande zote mbili. Programu ya VirtualBox upande wa mwenyeji inazisoma, inazigeuza kuwa lugha ambayo draiva halisi, programu inayoiendesha kadi, inaielewa, kisha inazikabidhi. Tangu VirtualBox 7.0 ya 2022, Direct3D ya mgeni, ile lugha ya 3D ya Windows, ikiwa juu ya mwenyeji wa Linux inapitia DXVK, ambayo inaigeuza kuwa Vulkan, lugha ya 3D inayoeleweka na Linux. Baada ya hapo draiva ya kadi inakusanya sheda iwe msimbo wa kadi yenyewe, na sehemu ya draiva hiyo inaishi ndani ya kerneli, kiini cha mfumo wa mwenyeji.

Kwa maneno mengine, faili lililoingia na flashi, likifanikiwa kuishika Windows ya ndani, linaweza kuandika programu ndogo na kuiagiza draiva ya kerneli ya nje iishughulikie.

Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka. Mtu usiyemjua unakaa naye pale kwenye viti vya mawe, mnamaliza shughuli, anaondoka, na ndani ya nyumba hakupaona. Mashine pepe isiyo na 3D inafanya kazi hivyo. Ukiiwasha 3D, umempitisha kiwandani, ule ua wa ndani, hadi jikoni, na unategemea kwamba hatagusa kitu.

## Hesabu moja ya tekscha

Hatari ikisemwa kwa jumla haishiki, kwa hiyo tuitazame amri moja kwa karibu.

Mgeni anaomba tekscha ya 4096 kwa 4096, baiti 4 kwa nukta. Mwenyeji anazidisha, anapata baiti 67,108,864, anatenga MB 64. Sawa. Amri inayofuata inasema: nakili data hii kuanzia mstari wa 4100. Mstari huo haupo. Kama msimbo haukulinganisha namba hiyo na urefu wa tekscha, data ya mgeni inaandikwa nje ya eneo lililotengwa, juu ya kitu kingine kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu ya mwenyeji.

Au mgeni anaomba 65,536 kwa 65,536. Zidisha mwenyewe: 4,294,967,296. Kwenye hesabu ya biti 32 jibu hilo linazunguka na kurudi sifuri. Mwenyeji anatenga sifuri, huku maelezo aliyoyahifadhi yakisema tekscha ni kubwa mno. Kila uandishi baada ya hapo uko nje ya mpaka.

Programu makini hukagua haya yote. Lakini amri za aina hii ni mamia, kila moja ina vipimo vyake, na sheda ni lugha nzima inayohitaji kikusanyaji chake. Kukosea mahali pamoja kunatosha.

Mwongozo wa VirtualBox wenyewe unalisema hili wazi, na nashangaa ni wachache kiasi gani wanalitaja. Unasema mgeni asiyeaminika asiruhusiwe kutumia 3D, kwa sababu draiva za 3D kwa kawaida ni tata kupita kiasi cha kuweza kulindwa ipasavyo, na programu yoyote inayozifikia inaweza kuuteka mfumo unaoziendesha.

Waliotengeneza tiki ndio wanaoonya.

## Yaliyokwisha tokea

Mwaka 2009, kwenye mkutano wa usalama wa Black Hat, Kostya Kortchinsky wa kampuni ya Immunity alionyesha Cloudburst: shambulizi lililoanzia ndani ya mgeni wa VMware, programu nyingine ya mashine pepe, likapitia kadi ya picha ya kuigiza, likaendesha msimbo kwenye mwenyeji. Mwanya ulipewa namba CVE-2009-1244, CVE ikiwa orodha ya kimataifa ya mianya ya programu.

Mwaka 2014 ikawa zamu ya VirtualBox. Kampuni ya Core Security ilitangaza mianya mitatu, CVE-2014-0981 hadi 0983, kwenye Chromium, ile maktaba ya kusafirisha amri za OpenGL ambayo haihusiani na kivinjari chenye jina hilo. Njia hiyo ya zamani iliondolewa kabisa kwenye toleo la 6.1, Desemba 2019.

Mwaka 2017, kwenye shindano la kuvunja programu la Pwn2Own huko Vancouver, timu ya 360 Security ilianza na ukurasa wa wavuti uliofunguliwa kwa kivinjari cha Edge ndani ya mgeni. Ikaivunja Edge, ikaivunja kerneli ya Windows, ikavuka VMware hadi nje. Zawadi ilikuwa dola 105,000. VMware ikaziba CVE-2017-4902 na CVE-2017-4903, zote za kadi yake ya kuigiza, SVGA.

Hayo yote bado yalinifanya niseme: sawa, mianya hupatikana, huzibwa, ndivyo programu zilivyo.

Kilichonigeuza ni RemoteFX.

RemoteFX vGPU ilikuwa njia ya Microsoft ya kugawa kadi moja kwa wageni wengi wa Hyper-V, programu yake ya mashine pepe. Ilikuja na Windows Server 2008 R2 SP1. Julai 2020 ikapatikana na mianya sita kwa mpigo, CVE-2020-1036 ikiwa mmojawapo, ya mgeni kuendesha msimbo kwa mwenyeji. Microsoft haikuiziba. Ilitoa sasisho la kuzima kipengele chenyewe, ikaeleza kwamba tatizo lilikuwa kwenye muundo wake, na Aprili 2021 ikakiondoa. Kampuni yenye wahandisi wa kutosha, na yenye wateja wanaolipia huduma hiyo, iliona heri kuiua kuliko kuendelea kuiziba.

Baada ya hapo sioni mtu anavyoweza kusema "tia tu" kwa mashine inayofungua flashi za wateja.

## Lakini nani atahangaika na mchoraji wa Lamu?

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu zaidi, na swali ni la haki. Mlolongo unaolipwa dola 105,000 hautumiki kuiba ramani ya choo na jiko. Shambulizi jipya la kuvuka mashine pepe ni ghali, na mwenye nalo ana shabaha kubwa kuliko duka la Langoni.

Ila shambulizi la zamani ni bure. Mianya mingi ikishazibwa, watafiti huchapisha maelezo, na mara nyingine msimbo wenyewe. Anayebaki nyuma ndiye anayeumia, na huku kwetu kubaki nyuma ni rahisi. VirtualBox ilisakinishwa siku kompyuta ilipoletwa, bando linahesabiwa kwa MB, na dirisha la sasisho linafungwa kila linapojitokeza. Mwanya uliozibwa kwingine bado uko wazi hapa.

Na wachoraji wamewahi kuwindwa. Mwaka 2012 kampuni ya usalama ya ESET ilieleza mnyoo ulioitwa ACAD/Medre.A, uliosambaa zaidi Peru. Uliandikwa kwa AutoLISP, lugha ya kuandikia programu ndani ya AutoCAD, ukakaa kama faili dogo la acad.fas kwenye folda moja na mchoro. Ulipofungua mchoro, AutoCAD ililipakia lile faili bila kuuliza, kisha michoro yako ilitumwa kwa barua pepe kwenda China. Ulitoka na makumi ya maelfu ya michoro. Haukuhitaji kuvuka mashine pepe, na ndiyo sababu nautaja: unaonyesha kwamba kipande cha kwanza cha njia, kutoka flashi ya mteja hadi kuishika Windows ya ndani, hakihitaji ustadi mkubwa.

Kuna hasara nyingine ya karibu zaidi, isiyohitaji adui. Sheda yenye kitanzi kisichoisha inaweza kuigandisha kadi halisi. CVE-2018-6977 ya VMware ilikuwa hivyo hivyo, na ushauri uliotolewa ulikuwa kuzima 3D. Mwenyeji akiwa Windows, TDR, kinga yake dhidi ya kadi iliyoganda, husubiri sekunde 2 kisha huianzisha draiva upya. Mwenyeji akiwa Linux, mara nyingi skrini nzima inaganda na kazi ambayo haikuhifadhiwa, ya ndani na ya nje, inapotea. Snapshoti haikusaidii hapo, maana snapshoti ni ya mgeni. Mwenyeji hana.

## Mashine mbili

Uamuzi nilioufikia ni huu: swali la 3D lijibiwe kwa kutazama kinachoingia kwenye mashine hiyo. Mashine inayofungua vitu vya watu na mashine inayohitaji kasi zisiwe moja.

Ya kwanza tuiite Mapokezi. Ikiwa imezimwa, endesha:

`VBoxManage modifyvm "Mapokezi" --accelerate3d off --vram 32 --nic1 none --clipboard-mode disabled`

MB 32 za picha zinatosha. Tumeona skrini nzima haifiki 9. Kama hujui hali ya sasa, `VBoxManage showvminfo "Mapokezi"` itakuonyesha mstari wa 3D Acceleration. Ndani ya mgeni wa Linux, `glxinfo | grep -i renderer` ikisema llvmpipe, uko salama. Ikisema SVGA3D au virgl, amri zinatoka nje.

Flashi ina mtego wake. Ukiichomeka, wa kwanza kuifungua ni mwenyeji, na kidhibiti mafaili chake kinaanza kutengeneza vijipicha vya mafaili kabla mgeni hajaiona. Kwa GNOME, eneokazi la Linux nyingi, zima hilo kwa `gsettings set org.gnome.desktop.media-handling automount false`, kisha weka kichujio cha USB kwenye Mapokezi ili flashi iende huko moja kwa moja.

Ndani ya Mapokezi onyesha mafaili yaliyofichwa. Chukua mchoro peke yake na uache kila chenye kiambishi cha lsp, fas, vlx, exe au lnk. Uhifadhi kama DXF, muundo wa kubadilishana michoro, uuweke kwenye folda ya kushirikiana. Ukishamaliza, izime, kisha `VBoxManage snapshot "Mapokezi" restore safi`, ambapo "safi" ni snapshoti uliyoipiga kabla flashi yoyote haijaingia.

Ya pili tuiite Kazi. Huku 3D iwake. Ipewe ile folda kwa kusoma tu:

`VBoxManage sharedfolder add "Kazi" --name mapokezi --hostpath /srv/mapokezi --readonly`

Ndani ya AutoCAD hakikisha SECURELOAD, mpangilio wa kuzuia programu zisizoaminika zisipakiwe, iko 1 au 2, isiwe 0, na TRUSTEDPATHS, orodha ya folda zinazoaminika, isiitaje folda ya mapokezi. Flashi isichomekwe Kazi, hata ya rafiki, hata mteja akiwa amesimama anasubiri. Na kivinjari kisitumike humo: WebGL, 3D ya ndani ya kivinjari, inampa mwenye tovuti uwezo wa kutuma sheda, na ndani ya mashine yenye 3D sheda hizo zinafika hadi kadi yako halisi.

Mapokezi itakuwa nzito kidogo. Ipe prosesa 4 kama unazo, kwa sababu WARP na llvmpipe hugawanya kazi kwa nyuzi nyingi, zima madoido ya uwazi ya Windows, na kwenye AutoCAD zima kuharakisha kwa kadi kupitia GRAPHICSCONFIG kisha tumia mwonekano wa 2D Wireframe. Kukagua mchoro hakuhitaji zaidi. Feni itavuma; msimu wa kaskazi, penye chumvi hewani, isafishe mara kwa mara kuliko kitabu kinavyosema.

## Wasiotumia VirtualBox

Kwenye QEMU, programu nyingine ya mashine pepe, tofauti iko kwenye jina la kifaa: `virtio-vga` haina 3D, `virtio-vga-gl` inayo. Kwenye virt-manager, dirisha la kuiendeshea QEMU, ondoa tiki mbili, ya OpenGL upande wa Display Spice na ya 3D acceleration upande wa Video. Virglrenderer, inayozigeuza amri za 3D za mgeni wa QEMU, nayo imekuwa na mianya yake, CVE-2022-0135 ya kuandika nje ya mpaka ikiwemo, ingawa QEMU inaruhusu kazi hiyo ihamishiwe mchakato wa peke yake kwa vhost-user-gpu, na hilo linapunguza madhara.

Mwenye Windows Pro anaweza kuitumia Windows Sandbox, mashine pepe ya muda iliyomo ndani ya Windows, kama Mapokezi, lakini ajue kwamba humo vGPU, yaani kumgawia mgeni kadi, kwa kawaida huwa imewashwa. Andika faili lenye kiambishi cha wsb:

`<Configuration><vGPU>Disable</vGPU><Networking>Disable</Networking></Configuration>`

Lifungue kwa kubofya mara mbili na Sandbox itaanza bila kadi na bila mtandao.

## Kumpa mgeni kadi nzima

Wenye kompyuta za mezani zenye kadi mbili, kama studio za video za harusi za Malindi, huuliza kama ni bora kumkabidhi mgeni kadi nzima kwa VFIO, njia ya kerneli ya Linux ya kukabidhi vifaa. Kwa usalama ni njia ninayoiheshimu. Mwenyeji hasomi tena amri za mgeni. Kadi inaongea na draiva iliyo ndani ya mgeni, na IOMMU, mlinzi wa kumbukumbu aliye ndani ya kompyuta, inazuia kadi isifikie kumbukumbu isiyo yake.

Masharti yake ni makali. Washa VT-d au AMD-Vi kwenye BIOS, na kwa Intel ongeza `intel_iommu=on` kwenye mstari wa kerneli. Kisha `find /sys/kernel/iommu_groups/ -type l` ikuonyeshe kadi iko kundi gani. Kadi ina vipande viwili, cha picha na cha sauti, na vyote viende pamoja. Kama kundi hilo lina na kifaa kingine, usikimbilie kiraka cha ACS override. Kinachofanya ni kuiambia kerneli kwamba vifaa vimetengana wakati havijatengana, na ulinzi uliokuwa unautafuta umeutupa.

Yanabaki mawili. Mgeni mwenye kadi nzima anaweza kuandika upya firmware ya kadi, programu iliyohifadhiwa ndani yake, na ukibadilisha mgeni, firmware hiyo inabaki. Na kumbukumbu ya kadi si lazima ifutwe kati ya mtumiaji mmoja na mwingine. LeftoverLocals, CVE-2023-4969, iliyotangazwa na Trail of Bits Januari 2024, ilionyesha kadi za AMD, Apple, Qualcomm na Imagination zikiacha mabaki ya data ambayo programu nyingine iliweza kuyasoma. Kadi iliyokabidhiwa Kazi ibaki ya Kazi.

Laptopu nyingi zinazouzwa huku hazifai kwa njia hii, kwa sababu kadi kubwa inapitishia picha zake kwenye kadi ndogo. Usipoteze wiki nzima kujaribu.

## Leseni

Kizuizi kimoja cha kweli, kama mashine ya Kazi nayo utaiweka bila mtandao: AutoCAD ya kulipia kwa mwaka inataka kuthibitisha leseni mtandaoni angalau kila siku 30. Kwa hiyo Kazi usiiondolee kadi ya mtandao. Ichomolee waya tu, `VBoxManage modifyvm "Kazi" --cableconnected1 off`. Siku ya leseni ikifika, anza kwa kusasisha VirtualBox na draiva ya kadi ya mwenyeji, washa Kazi, toa `VBoxManage controlvm "Kazi" setlinkstate1 on`, fungua AutoCAD, subiri ithibitishe, kisha rudia amri ile ile na off mwishoni kabla hujafungua mchoro wowote.